Mjadala wa kufuta magereza ukifika Dodoma uanzie mahabusu

Mazungumzo ya hadhara ya wasanii kuhusu magereza yamekuwa jambo la kawaida katika miji ya Marekani na Ulaya. Michoro huning'inizwa, igizo fupi huchezwa, kisha waliohudhuria huulizwa kama jamii inaweza kujilinda bila jela. Video zake zinafika kwenye simu za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wasanii wa hapa kama zinavyofika kwingineko, na mapokezi yake yamegawanyika mapema mno. Wapo wanaosikia maneno "kufuta magereza" na kuona lango la gereza la Isanga likiachwa wazi, wezi na wabakaji wakishuka mjini kwa miguu. Wapo wanaoyashangilia kama yalivyo na kutaka yaletwe Nyerere Square bila kubadilishwa nukta. Pande zote mbili zimekosea jambo lilelile: zinadhani mjadala huu unahusu jengo. Kwa hali ya Tanzania unahusu kwanza mtu ambaye hajahukumiwa, yaani mahabusu, na sheria tulizotunga wenyewe ili watu wasifungwe ovyo, tukaziweka kabatini. Mazungumzo ya sanaa yanaweza kuzitoa kabatini sheria hizo, lakini yakiandaliwa kwa namna tofauti kabisa na makongamano tuliyoyazoea.

Asili ya hoja yenyewe inafaa kueleweka. Nchini Norway, mwaka 1968, kiliundwa chama cha KROM kilichowakutanisha wafungwa, wanasheria na wasomi kutaka mageuzi ya magereza, na mwanasosholojia Thomas Mathiesen akawa mmoja wa sauti zake kuu. Marekani wazo hilo lilikuzwa na wasomi wanaharakati kama Angela Davis na Ruth Wilson Gilmore, ambao hawakuwahi kusema makufuli yavunjwe Ijumaa na Jumamosi tuone itakuwaje. Wanachosema ni kwamba gereza limebebeshwa kazi za shule, hospitali ya akili, ajira na usuluhishi, na kwamba kazi hizo zikirudishwa mahali pake hitaji la gereza litapungua hatua kwa hatua. Jambo hilo limewahi kujaribiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, jimbo la Massachusetts, chini ya Jerome Miller, lilifunga shule zake kubwa za kurekebishia watoto wahalifu na kuwahamishia watoto kwenye nyumba ndogo na huduma zilizo karibu na familia zao. Kilichofungwa kilikuwa aina moja ya kifungo kwa kundi moja la watu, na mbadala ulitafutwa kwa kila mtoto. Sanaa iliingia humo kwa sababu gereza ni mahali ambapo raia haoni ndani, na mtu hawezi kujadili asichokiona. Maonyesho ya New York ya mwaka 2020 katika jumba la MoMA PS1, yaliyoandaliwa na Nicole Fleetwood, yalipanga ukutani kazi za watu waliozichora wakiwa vifungoni, na mtazamaji akalazimika kuanza na mkono wa mchoraji kabla ya kosa lake.

Ila takwimu za huko si za kwetu. Marekani ina watu karibu milioni 2 walio ndani, zaidi ya 500 kwa kila wakazi 100,000. Tanzania, uwezo rasmi wa magereza uliotajwa kwa miaka mingi ni watu 29,902, na idadi halisi imekuwa ikipanda na kushuka kando ya hapo. Ukiulinganisha uwezo huo na Watanzania 61,741,120 wa sensa ya 2022, unapata chini kidogo ya watu 50 kwa kila 100,000. Msanii anayekopa hotuba ya Chicago na kuisoma Dodoma, akilaani taifa lililofunga kizazi kizima, anapigana na adui asiyekuwepo. Tatizo letu liko katika swali la nani yuko ndani na amefikaje. Kwa muda mrefu karibu nusu ya waliomo magerezani wamekuwa mahabusu, watu ambao kwa mujibu wa Katiba bado hawana hatia.

Njia inayowafikisha huko ni ya kawaida kabisa, na hapa ndipo msanii na mwandaaji wanapaswa kukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Chukua kijana aliyetoka Bahi au Kondoa kutafuta kibarua mjini, amepanga chumba Nkuhungu, anatuhumiwa kuiba simu. Kosa lina dhamana. Mahakama inataka wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za serikali ya mtaa, na mara nyingi wasaini bondi ya kiasi fulani cha fedha. Mwenyekiti wa mtaa hamjui kwa kuwa hakujiandikisha alipohamia. Mwenye nyumba hataki kujiingiza. Ndugu wako kijijini, na nauli ya watu wawili kuja na kurudi ni fedha ya wiki nzima ya vibarua. Karandinga linamrudisha gerezani, shauri linatajwa tena baada ya siku 14, upande wa mashtaka unasema upelelezi haujakamilika, na mzunguko unaanza upya. Kwa makosa ya mali au fedha inayozidi shilingi milioni 10, sheria inataka nusu ya thamani iwekwe taslimu au kwa mali. Kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha hakuna dhamana kabisa. Mahakama Kuu ililitengua katazo hilo mwaka 2020, na miezi michache baadaye Mahakama ya Rufani ikalirejesha. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni hatua nzuri, ila mzigo wote ulibaki kwenye hilo neno "isipokuwa".

Kisha tazama milango ya kutokea. Mfungwa aliyehukumiwa ana punguzo la theluthi moja ya kifungo kwa tabia njema. Ana parole, yaani kumalizia kifungo nje kwa masharti, chini ya sheria ya 1994, kama kifungo chake ni cha miaka 4 au zaidi, ametumikia theluthi, na kosa lake halimo katika orodha ya yaliyotengwa. Ana msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba, unaotangazwa karibu kila Desemba 9 au Aprili 26. Mahabusu hana hata kimoja. Hawezi kusamehewa kwa kuwa hana hukumu, hawezi kupunguziwa kwa kuwa hana kifungo, na bodi ya parole haina faili lake. Kwake ipo dhamana, kesi kwisha, au Mkurugenzi wa Mashtaka kuliondoa shauri. Yaani mtu ambaye sheria inamhesabu hana hatia ana njia chache za kutoka kuliko aliyepatikana na hatia. Wananchi wengi hawalijui hili, na hotuba ya dakika tano haitalifanya waliamini. Igizo la dakika kumi na tano linaweza.

Kwa waliohukumiwa kwa makosa madogo nako sheria ipo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inamruhusu hakimu kumpa kazi ya manufaa ya umma, bila malipo, mtu ambaye adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 3. Uangalizi wa wakosaji una sheria ya zamani zaidi ya hiyo. Kinachokwamisha ni vitu vidogo. Hakimu anahitaji taarifa ya afisa wa huduma za uangalizi kuhusu makazi, familia na tabia ya mkosaji, na afisa huyo anahudumia wilaya nzima bila usafiri wa uhakika. Anahitaji taasisi iliyokubali kumpokea mkosaji, iwe zahanati, shule au ofisi ya kata, na msimamizi wa kusaini mahudhurio kila siku. Taasisi nyingi hazijui kama zinaweza kuombwa, na nyingine zinakataa kwa hofu kwamba mwizi ataiba. Mwenye mamlaka ya kuhukumu anapoona taarifa haijafika na orodha ya taasisi ni tupu, anaandika miezi sita jela, na huwezi kumlaumu sana. Tume ya Rais kuhusu haki jinai, iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na kukabidhi ripoti Ikulu ya Chamwino Julai 2023, ilifungua mlango mpana wa kuyazungumza mambo haya bila mtu kuitwa mchochezi. Mlango huo haujatumika vya kutosha nje ya kumbi za semina.

Hoja za wanaopinga hazilingani uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Gereza lenyewe ndilo lililokuja na meli. Wajerumani waliwafunga watu minyororo ya shingoni na kuwatembeza wakifanya kazi za barabara. Waingereza wakaja na sheria zao, na mwaka 1931 huduma ya magereza ikatengwa na polisi ikawa idara kamili. Kabla ya wakoloni hao, jamii za wafugaji na wakulima wa Tanzania ya kati zilikuwa na fidia ya mifugo, faini, viapo na kufukuzana, na hazikuwa na nyumba ya kumfungia mtu miaka saba. Zaidi ya hapo, mfano maarufu wa vitabu vya haki rejeshi duniani, yaani haki inayotafuta kurekebisha madhara kati ya wahusika wenyewe, unatoka Tanzania. Nils Christie wa Norway, katika makala yake maarufu ya 1977 kuhusu migogoro kama mali ya wahusika wenyewe, anaanza na kijiji cha Arusha: nyumba imejaa watu, mwanamume na mwanamke waliovunja uchumba wanadaiana, ndugu wako karibu, kila mmoja anachangia, na waamuzi, makatibu watatu wa chama, karibu hawafanyi chochote. Ulaya ilijifunza hoja hii kwa kututazama sisi, na sasa tunaambiwa tuikatae kwa kuwa ni ya Ulaya.

Wanaounga mkono nao wana hoja yao dhaifu, na ni pacha wa hiyo: kwamba mababu walisuluhisha kila kitu chini ya mbuyu na wote wakarudi nyumbani wameridhika. Mabaraza hayo yalikuwa ya wazee wa kiume. Mjane, mtumwa, msichana na anayetuhumiwa uchawi hawakuwa na kiti cha mbele, na aliyefukuzwa kijijini katika nchi kame ya Ugogo alikuwa amehukumiwa zaidi ya kifungo. Hata leo kinachoitwa kumalizana kifamilia ndicho kinachoua kesi nyingi za ubakaji. Baba wa mtuhumiwa anapeleka ng'ombe, mjomba wa mtoto anapokea, shahidi anahamishiwa kwa shangazi, na mahakama inabaki na jalada lisilo na mtu. Anayesema "turudishe usuluhishi" bila kueleza nani atakuwa na sauti ndani yake anatoa zawadi kwa watu hao.

Ndiyo maana hoja nzito ya wapinzani inastahili kusikilizwa mpaka mwisho. Wanasema: mkizungumza habari ya wafungwa, aliyedhurika yuko wapi? Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa ubakaji. Na mahali ambapo wananchi hawaamini kwamba mahakama itafanya kitu, hutokea wale wanaoitwa kwenye taarifa za polisi "wananchi wenye hasira kali", na kibaka wa kuku anauawa kwa mawe. Mazungumzo yanayodhoofisha imani katika adhabu bila kujenga imani katika kitu kingine yanaweza kuongeza mawe. Hili sina jibu lake jepesi, na anayedai analo hajakaa kwenye mkutano wa mtaa baada ya duka kuvunjwa.

Lakini mkoa huuhuu unaonyesha pia mwisho wa nguvu za adhabu. Sheria hiyo ya 1998 ilifanya kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la kifungo cha miaka 5 hadi 15. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 47 ya wanawake wa Dodoma wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 10. Kwa Wagogo na Wanyaturu kilichobadilika sana baada ya makatazo ni umri na usiri: sherehe na ngoma zikaondoka, wakakeketwa watoto wachanga, na imani kwamba ukeketaji unatibu lawalawa, maambukizi ya sehemu za siri ambayo dawa za kawaida zinatibu, ikatoa kisingizio. Gereza halikumfikia ngariba kwa kuwa bibi na mama na jirani wote walikubaliana kutosema. Kuiondoa sheria kungemwacha mtoto bila chochote, na kuitegemea peke yake kumemwacha karibu hivyohivyo. Kupungua kunapotokea, kazi kubwa inafanywa na mazungumzo ya muda mrefu kati ya wanawake wenyewe, wahudumu wa afya na wazee, sheria ikiwa nyuma yao. Hapo ndipo sanaa ina kazi ambayo polisi hawaiwezi.

Tumeshaona pia kinachotokea maamuzi ya kifungo yakifanyika bila mazungumzo. Desemba 9, 2017, katika Uwanja wa Jamhuri hapahapa Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha uliowagusa wafungwa 8,157, na akawataja kwa jina wanamuziki Nguza Viking, maarufu Babu Seya, na mwanawe Johnson Nguza, Papii Kocha, waliohukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004 kwa makosa ya ubakaji wa watoto. Uwanja ulilipuka kwa shangwe. Watetezi wa haki za watoto walilalamika. Rais alitumia mamlaka aliyonayo kikatiba, na miaka zaidi ya 13 ndani si michache. Lakini hapakuwa na mahali ambapo shangwe na malalamiko vingeweza kukutana na kuulizana maswali: aliyedhurika aliarifiwa na nani, anayetoka anapokelewa na nani, kwa masharti gani. Kila upande ulibaki na sauti yake redioni. Mtu anayedhani mazungumzo ya sanaa kuhusu jela ni anasa aikumbuke siku hiyo.

Sasa, mazungumzo yenyewe yafanyweje? Tanzania haianzi na ukurasa mtupu. Kuanzia 1982 huko Malya, wilayani Kwimba, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikaa na wanakijiji, wakatafiti nao tatizo la mimba za wasichana, wakalitunga kuwa ngoma na igizo, kisha wakajadili palepale. Utaratibu huo, pamoja na ule wa Augusto Boal wa Brazil unaomruhusu mtazamaji kusimamisha igizo na kuingia kubadili uamuzi wa mhusika, unafaa zaidi kuliko jopo la wasomi watano wenye chupa za maji. Jopo huzalisha maswali ambayo kwa kweli ni hotuba. Igizo linalosimamishwa huzalisha maamuzi: wewe mwenye nyumba, utaandika barua ya udhamini au hutaandika? Njoo hapa mbele utuonyeshe.

Mahali pawe ukumbi wa kata au uwanja wa shule wa Chang'ombe, Nkuhungu au Makole, kabla ya Nyerere Square. Katikati ya mji watapita watu wengi na kukaa wachache, na anayehusika na dhamana hatakuwepo. Idadi nzuri ni watu 50 hadi 70. Wakizidi hapo, aliyekaa nyuma anageuka mtazamaji wa harusi. Taarifa ya maandishi ifike polisi si chini ya saa 48 kabla, kama sheria inavyotaka, ila kiuhalisia wiki mbili ni salama zaidi. Mtendaji wa kata na afisa utamaduni wa halmashauri waonwe ana kwa ana, na kama kuna igizo, kibali cha maonyesho kiulizwe mapema. Barua iseme ukweli, kwamba mada ni dhamana, mahabusu na huduma kwa jamii. Mwandaaji anayeandika "tamasha la vijana" kisha akapandisha bango la kufuta magereza anamharibia atakayekuja baada yake. Magereza, mahakama na ofisi ya mashtaka waalikwe kwa barua kama washiriki, na waambiwe wazi kwamba hakuna kiti cha mgeni rasmi. Mgeni rasmi hula dakika 45, itifaki ikizingatiwa, na akiondoka anaondoka na nusu ya ukumbi.

Michoro iwe 8 hadi 12. Maonyesho ya kazi 40 hutazamwa kama vitenge dukani, na hakuna inayozungumzwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba Dodoma ina upepo wa mchana unaobeba vumbi na kung'oa turubai, kwa hiyo kazi za karatasi zibanwe kwenye mbao na kufungwa juu na chini, na kama kuna turubai za kuchora, zitobolewe pembeni upepo upite. Kipaza sauti kifunikwe sponji, la sivyo spika zitatoa ngurumo tu. Kuanza saa 9 alasiri kunawapata akina mama kabla ya mapishi ya jioni, na kunaacha mwanga mpaka saa 12. Dakika 20 za kutazama, 15 za igizo, 40 za kulirudia igizo watazamaji wakiingia, 45 za majadiliano, na nusu saa ya mezani nitakayoieleza. Kikundi cha akina mama wapiga muheme kikianza, watu watakuja wenyewe. Na kwa kuwa ngoma hiyo kwa Wagogo iko mikononi mwa wanawake, ni rahisi zaidi kuwapa wao maswali ya kwanza kabla wanaume hawajakizoea kipaza sauti. Mwenye kuongoza ajue Kigogo, au awe na mtu wa kumsaidia. Bibi aliyemlea kijana aliye ndani ana mengi, ila hatayasema kwa Kiswahili cha ofisini.

Makosa yanayovunja mazungumzo ya namna hii yanajulikana. La kwanza na baya zaidi ni kumpandisha jukwaani aliyetoka jela juzi ili "atoe ushuhuda". Anasema zaidi ya alivyokusudia, watu wanalia, anapigwa picha, na kesho yake aliyetaka kumpa kazi anamwona kwenye simu. Kama ana la kusema, alisema kwanza kwa wasanii faraghani, walitie kwenye mhusika wa kubuni, majina na mitaa ikiwa imebadilishwa, naye akae popote apendapo ukumbini, akiwa amelipwa posho sawa na mchoraji. Kosa la pili ni kuzungumzia shauri lililo mahakamani, jambo linaloweza kumponza mtuhumiwa mwenyewe na kuwaudhi mahakimu mnaowahitaji. La tatu ni kupiga picha za magereza au za watu walio ndani bila kibali. La nne ni kumsahau aliyedhurika. Igizo liwe na mwenye simu iliyoibwa, anayedai fedha ya kununua nyingine, na asichorwe kama mkorofi. Afisa ustawi wa jamii awepo, na chumba cha pembeni, kwa kuwa mada ya jela ikifunguliwa, mtu wa ukumbini anaweza kusema jambo lililompata yeye au mtoto wake. Namba 116 ya msaada kwa watoto iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Makosa ya kujamiiana na ya ukatili dhidi ya watoto yasiwekwe kwenye igizo la usuluhishi hata kidogo. Huo ni mpaka, na mwandaaji autangaze mwanzoni.

Kundi moja lisisahaulike kwa sababu liko hapa kuliko mahali pengine nchini. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili ya Mirembe ina taasisi ya Isanga, tofauti na gereza lenye jina hilo, inayopokea watu waliotenda makosa wakiwa na maradhi ya akili. Wapo waliopata nafuu wakabaki kwa sababu familia hazijitokezi kuwapokea, au kijiji kinahofia. Tiba imeshafanya kazi yake, na kufuli lililobaki limeshikwa na ndugu. Mchoro mmoja wa kiti kitupu nyumbani ungeanzisha mazungumzo ambayo daktari amekuwa akiyaomba kwa barua zisizojibiwa.

Meza ya mwisho ndiyo inayotenganisha mazungumzo haya na burudani. Aketi msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mtendaji wa mtaa akiwa na muhuri wake, na afisa wa huduma za uangalizi kama amepatikana. Watu waondoke na karatasi moja inayosema dhamana ya polisi hailipiwi, mdhamini anatakiwa kuwa na nini, na anapoteza nini mtuhumiwa akitoroka, kwa kuwa hofu ya kupoteza nyumba kwa bondi ya shilingi laki tano ndiyo inayowakimbiza wengi, na mara nyingi ni hofu ya kutojua. Wenye vyumba vya kupangisha wahimizwe kuandikisha wapangaji mtaani, maana barua ya utambulisho inaanzia hapo. Na mkuu wa shule, mganga wa zahanati na mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji waulizwe mbele ya watu kama watapokea mkosaji mmoja wa huduma kwa jamii, kwa kazi gani, chini ya nani. Majibu yaandikwe na kupelekwa kwa hakimu wa eneo wiki hiyohiyo. Kata ikipata taasisi nne tu, hakimu ana pa kuanzia.

Gharama ya shughuli kama hii haihitaji mfadhili mkubwa: viti vya kukodi, spika mbili, mbao, rangi, posho za wasanii sita au saba na nauli za watu wa mezani. Kitu kigumu ni muda. Halmashauri huandaa bajeti zake kati ya Novemba na Februari kwa mwaka unaoanza Julai 1, na usafiri wa afisa anayeandika taarifa za mahakama, au jembe na toroli za wakosaji wa huduma kwa jamii, ni vitu vinavyoweza kuombwa na kata vikiwa na sahihi za wananchi. Mazungumzo ya Agosti au Septemba yanawapa madiwani hoja kabla hawajakaa. Ya Aprili yatakuta bajeti imeshapitishwa, mvua bado ipo na uwanja wa shule una tope.